Asiyepiga Kura Amekwama Wapi?

Ndugu wasikilizaji, viongozi wa vikundi, walimu, na nyinyi vijana mnaojitolea kutoa elimu ya mpiga kura: asanteni kwa kunipa nafasi hii.

Kila uchaguzi unapokwisha na mahudhurio yakawa madogo, kuna kauli moja inayosikika redioni, kwenye nyumba za ibada na kwenye vikao vya vyama: "Wananchi siku hizi hawajali siasa." Hutamkwa kwa uchungu, na ikishatamkwa mjadala unafungwa. Kama watu hawajali, basi kosa ni lao na hakuna mwingine wa kuulizwa. Nimekuja kuipinga kauli hiyo. Kupiga kura kuna hatua nyingi, na mtu anaweza kukwama katika hatua yoyote huku akiijali nchi yake kwa moyo wote. Kazi yetu ni kujua amekwama wapi. Tusipojua, tutampa dawa ya ugonjwa asio nao.

Tuanze na namba yenyewe, kwa sababu wengi wanaibeba bila kuifungua. Ukisikia kwamba asilimia 80 wamejitokeza, uliza kwanza: asilimia 80 ya nani? Tume nyingi za uchaguzi hugawanya kura zilizopigwa kwa idadi ya walio kwenye daftari la wapiga kura. Watafiti wengi hugawanya kwa idadi ya watu wote wenye umri wa kupiga kura. Chukua eneo lenye watu wazima 1,000. Waliojiandikisha ni 700, na siku ya uchaguzi wakapiga kura 560. Kwa hesabu ya daftari mahudhurio ni asilimia 80, na watu wanapongezana. Kwa hesabu ya watu wazima ni asilimia 56. Wale 300 ambao hawakujiandikisha wametoweka kwenye hesabu ya kwanza, kana kwamba hawaishi hapo. Mara nyingi hao ni vijana, wapangaji wanaohamahama, na watu wasio na kitambulisho.

Daftari nalo lina kasoro ya upande wa pili. Waliofariki hukaa humo kwa miaka, na waliohamia nchi nyingine vilevile. Lisiposafishwa linavimba, na asilimia inashuka hata kama foleni haijapungua mtu.

Kenya inatupa mfano mzuri wa namna asilimia inavyoweza kupotosha. Mwaka 2013 mahudhurio yalikuwa karibu asilimia 86. Mwaka 2017 yakawa karibu 79, na mwaka 2022 karibu 65. Anayesoma asilimia peke yake atasema hamasa imekuwa ikimomonyoka tangu 2013. Sasa hesabu vichwa. Mwaka 2013 walipiga kura watu zaidi ya milioni 12, mwaka 2017 zaidi ya milioni 15, na mwaka 2022 zaidi ya milioni 14. Kwa hiyo kati ya 2013 na 2017 wapiga kura waliongezeka kwa takriban milioni 3 huku asilimia ikishuka, kwa sababu daftari lilikua kutoka watu milioni 14 na ushei hadi zaidi ya milioni 19. Kupungua kwa vichwa kulitokea kati ya 2017 na 2022. Atakayetafuta sababu aanzie hapo.

Na ukitaka kuona kwamba mahudhurio na kujali ni mambo mawili, baki hukohuko Kenya mwaka 2017. Uchaguzi wa urais ulifanyika tarehe 8 Agosti, Mahakama ya Juu ikaufuta tarehe 1 Septemba, na uchaguzi wa marudio ukafanyika tarehe 26 Oktoba. Mahudhurio yakaanguka hadi karibu asilimia 39. Je, mamilioni ya watu waliacha kuijali siasa ndani ya wiki 11? Hakuna aliyekuwa Kenya siku zile anayeweza kusema hivyo. Nchi ilikuwa ikichemka. Muungano mkuu wa upinzani ulisusia, na kuna maeneo ambako upigaji kura haukufanyika kabisa. Kutokwenda kituoni kulikuwa tamko la kisiasa.

Kinyume chake nacho kipo. Mtu anaweza kupiga kura bila kujali: amebebwa kwa lori, ameahidiwa kitu, au ameagizwa na mkubwa wake. Kituo kikijaa watu wa namna hiyo, asilimia inapendeza kwenye taarifa ya habari, lakini hatujapata raia wanaofuatilia mambo yao. Ndiyo maana mimi nasita kusherehekea namba kubwa kabla sijajua imetoka wapi.

Kwa hiyo tunapomtazama mtu ambaye hakupiga kura, tujue tunaweza kuwa mbele ya mmoja wa watu watatu. Wa kwanza alitaka akazuiwa na utaratibu. Wa pili haoni maana. Wa tatu amekataa kwa makusudi. Wa tatu anahitaji kusikilizwa na wanasiasa, na semina ya elimu ya uraia haimsaidii, kwa sababu mara nyingi anaijua siasa kuliko mtoa semina. Wa pili nitamrudia. Leo nataka tukae sana na wa kwanza, kwa kuwa ndiye tunayemsahau, na ndiye tunayeweza kumsaidia haraka kuliko wote.

Huyu wa kwanza hukwama miezi mingi kabla ya siku ya kura. Hana cheti cha kuzaliwa, kwa hiyo hajapata kitambulisho, kwa hiyo hawezi kuingia daftarini. Au ana kitambulisho, lakini alikuwa na miaka 17 wakati wa uandikishaji, akatimiza 18 baada ya daftari kufungwa na kabla ya uchaguzi. Au alijiandikisha mji mmoja, akahamia mwingine kikazi, na hakujua kwamba kuhamisha kituo kuna tarehe ya mwisho, ambayo huja miezi kabla ya uchaguzi wakati hata kampeni hazijapamba moto. Huyu wa mwisho ndiye anayeniumiza zaidi. Siku ya kura yuko tayari, amefuatilia kampeni zote, ana msimamo wake, lakini jina lake liko kilomita 400 kutoka mahali anapolala, na nauli ya kwenda na kurudi ni pesa ya chakula cha familia. Kwenye takwimu ataandikwa kama mtu ambaye hakujitokeza.

Nigeria mwaka 2023 inaonyesha ukubwa wa pengo baina ya daftari na sanduku. Daftari lilikuwa na watu zaidi ya milioni 93. Waliochukua kadi zao za kudumu za mpiga kura walikuwa takriban milioni 87. Waliopiga kura ya urais hawakuzidi sana milioni 25, yaani karibu asilimia 27. Angalia kwamba watu takriban milioni 6 walikwisha kukwama kwenye kuchukua kadi tu. Kujiandikisha walijiandikisha, lakini kadi ikabaki ofisini. Zile milioni 62 zilizobaki zina sababu nyingi, zikiwemo usalama, uhaba wa noti uliokuwapo wakati ule, na kutoamini kwamba kura itahesabiwa. Huwezi kuzifunga zote kwa neno "kutojali".

Sasa tufike kituoni, maana hapa mambo huharibika kwa namna inayoweza kupigiwa hesabu.

Sheria ya Kenya inasema kituo kimoja kisizidi wapiga kura 700. Kituo hufunguliwa saa 12 asubuhi na kufungwa saa 11 jioni. Hizo ni saa 11 za kazi, sawa na dakika 660. Watu wote 700 wakija, kila mmoja ana sekunde 56 au 57. Katika sekunde hizo mpiga kura anatambuliwa kwa alama ya kidole, jina linawekewa alama, anapewa karatasi sita za kura zenye mhuri, anaingia kwenye kibanda, anaweka alama sita, anakunja karatasi sita, anazitumbukiza kwenye masanduku sita yanayotofautiana kwa rangi ya vifuniko, kisha anapakwa wino. Bila shaka watu kadhaa huwa ndani kwa wakati mmoja, kwa hiyo mwendo wa foleni huamuliwa na meza moja tu, ile iliyo polepole kuliko zote. Kwa kawaida ni meza ya utambuzi.

Tuseme meza hiyo inatumia sekunde 90 kwa kila mtu. Dakika 660 zitapitisha watu 440, yaani asilimia 63 ya watu 700, hata kama wote 700 walidamka. Nchi nyingi huruhusu aliyekwisha kuwa kwenye foleni wakati wa kufunga apige kura, na hilo linaokoa wengi, lakini haliwaokoi waliochoka wakaondoka saa 8 mchana. Tena watu hawaji kwa mpangilio. Wengi huja alfajiri ili wakawahi shughuli zao. Kama kituo kinakuta watu 300 nje wakati wa kufungua, na meza inakwenda kwa sekunde 90, mtu wa 300 atasubiri saa 7 na nusu. Mama mwenye mtoto mgongoni hatasubiri saa 7 na nusu. Fundi anayelipwa kwa siku hatasubiri. Ukimwita mvivu unamkosea.

Kwa nini meza ya utambuzi inachelewa? Mara nyingi ni vidole. Mikono ya mkulima, ya fundi mwashi, ya anayefua nguo kwa sabuni kila siku, na ya mzee, ina alama zilizosagika, na mashine inazikataa. Karani asiyefunzwa vizuri anajaribu kidole kilekile mara tano, sita, saba. Karani aliyefunzwa anafuta kidole kwa kitambaa kikavu, anajaribu mara mbili, anahamia kidole kingine, na kikikataa anaandika namba ya kitambulisho na kuendelea na utaratibu wa akiba unaoruhusiwa na sheria. Tofauti ya makarani hawa wawili ni dakika tatu au nne kwa mpiga kura mmoja. Wakitokea wapiga kura 40 wa namna hiyo kwa siku, mmeshapoteza saa mbili hadi karibu tatu.

Jambo la pili ni watu kupanga foleni isiyo yao. Shule moja inaweza kuwa na vyumba sita vya kupigia kura, na kila chumba kina orodha yake. Mtu anasimama saa mbili, anafika mezani, anaambiwa jina lake liko chumba cha nne. Wengine huenda chumba cha nne. Wengine huenda nyumbani. Dawa yake ni rahisi mno kiasi kwamba inasikitisha kuona haitumiki: weka watu wawili getini wenye nakala ya orodha, na kibao kikubwa mlangoni pa kila chumba kinachoonyesha majina yanaanzia wapi na kuishia wapi. Mtu aulizwe jina kabla hajasimama kwenye foleni. Wazee, wajawazito, wenye watoto wachanga na wenye ulemavu wapitishwe mbele, na afisa wa kituo alitangaze hilo kwa sauti tangu asubuhi ili asionekane mtu anapendelewa.

Kuna kukwama kwingine baada ya kupita meza zote hizo: kura kukataliwa. Alama imewekwa kwa wagombea wawili, au haionyeshi wazi imewekewa nani. Kenya mwaka 2022 kura za urais zilizokataliwa zilizidi 113,000. Tofauti kati ya mshindi na aliyemfuata ilikuwa kura 233,211. Kila mwelimishaji wa mpiga kura angepaswa kutembea na karatasi ya mfano na kalamu, na kuwafanya watu waweke alama kwa mikono yao. Maelezo ya mdomo hayatoshi kwa jambo la mkono.

Hiyo namba ya 233,211 inanipeleka kwa mtu wa pili, yule asiyeona maana. Hoja yake si ya kijinga. Mchumi Anthony Downs aliieleza mwaka 1957: uwezekano wa kura moja kuamua uchaguzi wa taifa ni mdogo mno, na kupiga kura kuna gharama ya muda na nauli, kwa hiyo anayepiga hesabu ya faida yake binafsi ana sababu ya kubaki nyumbani. Wanaojibu hoja hii kwa kupaaza sauti kwamba "kila kura ina thamani" hawamjibu mtu. Mjibuni kwa hesabu. Mwaka huo wa 2022 Kenya ilikuwa na vituo 46,229. Gawanya 233,211 kwa vituo hivyo: tofauti ilikuwa kama kura 5 kwa kila kituo. Na waliokuwa kwenye daftari wasipige kura walikuwa zaidi ya milioni 7.7, ambao ni wastani wa watu zaidi ya 165 kwa kila kituo. Mtu mmoja peke yake hafiki mbali, ni kweli. Lakini watu sita wa mtaa mmoja waliokubaliana kwenda pamoja wanazidi wastani wa tofauti iliyompa Rais ushindi. Mtu akiiona hesabu hiyo kwenye ukubwa wa kituo chake, anaelewa.

Hata hivyo tuseme ukweli: kuna majimbo ambako matokeo yanajulikana kabla ya kura, na kuna nchi ambako watu wana sababu nzito za kutoamini hesabu. Hapo hamasa haiwezi kutoka kwa mwelimishaji. Inatoka kwa tume inayobandika matokeo mlangoni pa kila kituo na kuruhusu kila mtu ajumlishe mwenyewe, kama Kenya ilivyofanya 2022 kwa kuweka fomu za vituo kwenye tovuti ya wazi. Uaminifu wa hesabu ndio mhamasishaji mkuu, na ukikosekana fulana na nyimbo hazitaurudisha.

Wengine husema tumalize jambo hili kwa sheria: kila mtu alazimike. Tuna ushahidi wa kutosha wa kinachotokea. Australia mwaka 1922 mahudhurio ya uchaguzi wa shirikisho hayakufika asilimia 60. Sheria ya kulazimisha ikapita mwaka 1924, na uchaguzi wa 1925 ukapata zaidi ya asilimia 91. Faini ya leo kwa uchaguzi wa shirikisho ni dola 20 za huko, si kitu cha kutisha. Kinachofanya kazi ni kwamba barua ya kukuuliza sababu inakufikia kweli. Uholanzi ilifuta ulazima mwaka 1970, na mahudhurio yakashuka kutoka karibu asilimia 95 mwaka 1967 hadi karibu 79 mwaka 1971. Chile ilifuta mwaka 2012, na duru ya pili ya urais mwaka 2013 ikapata karibu asilimia 42 tu. Iliporudisha ulazima kwa kura ya maoni ya katiba ya Septemba 2022, walijitokeza karibu asilimia 86.

Kwa hiyo sheria huleta miguu kituoni, na huileta kwa haraka. Faida yake kubwa, kwa maoni yangu, ni kwamba vyama hulazimika kuzungumza na maskini na vijana ambao vingewapuuza. Lakini inafanya kazi pale tu ambapo daftari ni sahihi, vituo viko karibu, na anwani za watu zinajulikana. Ukiiweka mahali ambako mtu anasubiri saa 7 na nusu, utakuwa unamtoza faini kwa kosa la tume. Kwanza rekebisha foleni.

Teknolojia nayo isitufumbe macho. Estonia imeruhusu kura ya intaneti tangu 2005, na mwaka 2023 zaidi ya nusu ya kura zilipigwa kwa njia hiyo. Mahudhurio yalikuwa karibu asilimia 64. Intaneti iliwarahisishia zaidi wale ambao tayari walikuwa na nia.

Basi ni nini kinachomtoa mtu nyumbani? Hapa tuna majaribio yaliyofanywa kwa umakini. Mwaka 1998 katika mji wa New Haven, Marekani, Alan Gerber na Donald Green waliwagawa wapiga kura karibu 30,000 kwa bahati nasibu. Waliofikiwa mlangoni na mtu wakazungumza naye uso kwa uso, mahudhurio yao yalipanda kwa takriban pointi 8 za asilimia. Barua ziliongeza kidogo sana. Simu za kampuni zilizosomwa kwa haraka kutoka kwenye karatasi hazikuongeza chochote cha maana. Tena waliohamasishwa mwaka ule walijitokeza zaidi hata kwenye uchaguzi uliofuata, bila kuguswa tena. Kupiga kura ni mazoea, na mazoea hujengwa mapema. Kijana akipitwa na chaguzi zake za kwanza mbili tatu, kumrudisha ni kazi ngumu.

Hili linatueleza kwa nini Austria iliposhusha umri wa kupiga kura hadi miaka 16 mwaka 2007 halikuwa jambo la kitoto. Mwenye miaka 16 bado yuko nyumbani na shuleni, amezungukwa na watu wanaokwenda kupiga kura. Mwenye miaka 19 mara nyingi amehama, hana mizizi anapoishi, na jina lake liko kwingine.

Utafiti mwingine nao tuutumie kesho asubuhi. David Nickerson na Todd Rogers mwaka 2008, kwenye uchaguzi wa mchujo wa wagombea katika jimbo la Pennsylvania, Marekani, waliwaongezea watu waliowapigia simu maswali matatu: utakwenda saa ngapi, utatokea wapi, na kabla ya hapo utakuwa unafanya nini? Waliojibu maswali hayo walijitokeza zaidi kuliko waliohimizwa tu wakapige kura, na tofauti ilikuwa kubwa zaidi kwenye nyumba zenye mpiga kura mmoja tu. Sababu iko wazi. Mtu anaposema "nitakwenda saa 3 asubuhi nikitokea sokoni, mtoto nitamwachia dada", ameshaona vikwazo vyake na amevitafutia njia. Anayesema "nitakwenda, Mungu akipenda" bado hajapanga. Nickerson pia aligundua kwamba ukimhamasisha mmoja mlangoni, sehemu kubwa ya nguvu hiyo, kama asilimia 60, humfikia mwingine wa nyumba hiyo ambaye hata hukumwona.

Nitoe tahadhari moja. Huko Michigan, Marekani, mwaka 2006, barua zilizowaonyesha watu kumbukumbu ya nani mtaani alipiga kura na nani hakupiga zilipandisha mahudhurio kutoka karibu asilimia 30 hadi karibu 38. Ni ongezeko kubwa kwa karatasi tu. Mbinu hiyo msiichukue. Mahali ambapo kura imewahi kuleta chuki baina ya majirani, orodha ya majina ni silaha, na kutokwenda kituoni kunaweza kusomwa kama kuunga mkono upande fulani. Mwendeeni mtu kwa heshima, peke yake, bila daftari la kuhukumu mkononi.

Kuhusu kujali siasa kati ya uchaguzi na uchaguzi, nitasema kwa ufupi. Watu hujali kile wanachojua kinaamuliwa wapi. Uchaguzi wa Bunge la Ulaya ulipata karibu asilimia 62 mwaka 1979, ukashuka chini ya 43 mwaka 2014, na Slovakia mwaka huo ikapata asilimia 13. Watu walewale walijitokeza kwa wingi zaidi kwenye chaguzi za nchi zao. Bunge lile waliliona liko mbali na hawakujua linaamua nini juu yao. Ndivyo ilivyo pia kwa diwani na serikali za mitaa, ambako mahudhurio huwa madogo katika nchi nyingi ingawa maji, taka na barabara za mtaa huamuliwa huko. Mwelimishaji anayefika na katiba nzima atachosha watu. Anayefika na ukurasa mmoja wa bajeti ya kata, akaonyesha fungu la kisima na tarehe ya kikao cha maoni, atapata maswali hadi jioni.

Sasa kazi yenyewe. Msianze wakati kampeni zinapoanza, mtakuwa mmechelewa. Tafuteni leo tarehe tatu: ya kufungwa kwa uandikishaji, ya kuhamisha kituo, na ya kuchukua kadi. Miezi sita kabla ya tarehe ya kwanza, shughulikieni vyeti vya kuzaliwa na vitambulisho, kwa sababu ofisi hizo hazina haraka yenu. Daftari likibandikwa kwa ukaguzi, pelekeni watu wakatazame majina yao. Herufi moja iliyokosewa inaweza kumrudisha mtu mlangoni. Wiki mbili za mwisho ndizo za kugonga milango, na kila mlango uachwe na majibu ya yale maswali matatu. Mtu mmoja anaweza kufika milango 15 hivi kwa jioni akizungumza bila papara. Kituo chenye nyumba 300 kinahitaji watu wanne kwa jioni tano. Msiwapangie watu hao mitaa ambako hawajulikani; mtu hufungua mlango kwa sauti anayoijua.

Na matokeo yakishatangazwa, chukueni fomu za vituo vya eneo lenu. Kila fomu ina idadi ya waliosajiliwa na kura zilizopigwa. Vipangeni vituo kuanzia chenye mahudhurio madogo kabisa. Mkikuta vyumba viwili vya shule moja, kimoja kina asilimia 74 na kingine 51, msitafute tofauti ya mioyo ya watu wa mtaa mmoja. Muulizeni wakala aliyekuwa ndani ya kile cha 51 kilifunguliwa saa ngapi, mashine ilizima mara ngapi, na foleni ilikuwa imefika wapi saa 8 mchana. Andikeni majibu, na mpeleke nakala kwa tume ya uchaguzi kabla mwezi haujaisha, wakati makarani bado wanakumbuka.